Kakangu anasema Mjerumani harithi shamba la minazi. Ni kweli?

MwanaWaVipingo

Habari za jioni wenzangu. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka, leo limenifika nikaona nifungue mdomo.

Mamangu alitutoka Novemba iliyopita. Ameacha shamba la ekari 6 na ushei, ndani ya Vipingo, ukiacha barabara ya Mombasa–Malindi ukaingia upande wa bara. Kuna minazi, miembe, mikorosho michache iliyozeeka, na nyumba ya mawe iliyojengwa kidogo kidogo kwa pesa nilizokuwa nikituma. Hati iko kwa jina la mama, ya miaka ya themanini, ile ya baada ya wapimaji kupita. Wasia hakuandika. Baba alitangulia zamani. Tuko watoto 4: kakangu mkubwa, mimi, kisha wadogo zangu wawili, wa kike na wa kiume.

Niliondoka nyumbani 1996, nikaolewa huku karibu na Bremen, na 2005 nikachukua uraia wa Ujerumani. Wakati ule hapakuwa na la kuchagua. Kenya haikutaka mtu mwenye uraia wa nchi mbili, na Ujerumani nayo ilikudai uache wa kwanza. Nikarudisha pasipoti ya Kenya. Njia nzima kwenye treni nililia, mwenye tikiti akadhani nimefiwa. Lakini nilikuwa na mtoto mchanga na kazi ya kulea wazee, na bila karatasi ile ningekuwa mtu wa kuomba vibali hadi leo. Kipande changu cha zamani, yaani kitambulisho cha Kenya, hakuna aliyekiulizia. Kimo ndani ya kopo la biskuti pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo.

Sasa sikilizeni. Siku ya tatu baada ya mazishi kaka akatuita chini ya mwembe. Akasema ardhi ya Kenya ni ya Wakenya, mimi ni Mjerumani, sheria hainiruhusu kurithi hata mnazi mmoja. Kwa hivyo shamba litakatwa mara tatu, kila mtu na hati yake, na mimi nikija likizo nitapewa chumba. Chumba! Katika nyumba ambayo mabati yake nayajua kwa risiti! Mdogo wangu wa kike aliinuka akaenda jikoni, alivyogonga sufuria kila mtu alisikia.

Sikumjibu, kwa sababu kwa kweli sikujua kama anadanganya. Ndilo linaloniuma. Miaka yote hii namweleza kila mtu habari za sheria za huku, kodi ya huku, bima ya huku, na ya kwetu siyajui.

Wiki jana ametuma kwenye kundi la familia karatasi mbili kutoka kwa wakili wake nizitie sahihi. Ya kwanza inasema nakubali yeye awe msimamizi wa mirathi. Ya pili inasema naachilia haki na dai langu lote katika mali ya marehemu. Anazitaka kabla ya mwisho wa mwezi, maana ana mtu anayetaka kununua sehemu ya mbele, ile inayogusa njia.

Binamu yangu wa Mtwapa ananiambia niende na kipande changu cha zamani, jina ni lile lile, nani atajua. Mwingine ananiambia niandikishe kila kitu kwa mdogo wangu wa kike, tuelewane kwa mdomo. Namuamini mdogo wangu. Mumewe simjui vizuri.

Nisaidieni. Kaka ana haki kisheria au ananitisha? Na kama nimeshapoteza, kuna njia ya kurudi?

Kidaka

Pole kwa msiba dada. Mimi nimeona kitu kimoja tu: mnunuzi alipatikana kwanza, sheria ya uraia ikakumbukwa baadaye. Usitie sahihi.

Halafu mbona mnateseka? Fungua kampuni. Hisa 49 zako, 51 za dadako. Kampuni ni Mkenya, shamba linaandikwa kwa kampuni, habari kwisha.

KaraniMstaafu

Mwanangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Nilikaa masijala ya ardhi miaka 31, Pwani hii hii. Kesi kama yako nimeziona zikiingia na faili jembamba, zikitoka na faili la kubebwa kwa mikono miwili. Ngoja nikueleze polepole.

Kwanza nimalizane na Kidaka. Hesabu ya 51 kwa 49 umeiokota ng'ambo ya Lungalunga, kule Tanzania. Hapa kwetu, Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema kampuni ni raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mgeni ikiingia, kampuni nzima imekuwa mgeni. Na amana pia, yaani mali anayoishika mtu kwa niaba ya wengine: wanaofaidika wote lazima wawe raia. Waliotunga walijua watu watapita huko, wakaziba.

Sasa kakako. Ana nusu ya ukweli. Kifungu hicho cha 65 hakimnyimi asiye raia ardhi moja kwa moja. Kinasema ataishika kwa kukodishiwa tu, na muda usipite miaka 99. Hata mkataba ukiandika "daima", Katiba inausoma miaka 99. Wageni waliokuwa na ardhi ya kudumu siku Katiba ilipoanza, tarehe 27 Agosti 2010, ardhi yao ilirudi kwa Jamhuri wakabaki wakodishwaji wa miaka 99 kwa kodi ya jina tu, ijapokuwa wengi wao hati zao kabatini zinasoma vile vile hadi leo. Kwa hivyo ukirithi ukiwa Mjerumani, haki yako haifutiki. Inapungua umbo. Hilo la "hata mnazi mmoja" amelitunga.

Mtego uko penye kukata shamba, na sijui kama yeye analijua au wakili wake ndiye anayelijua. Shamba la kilimo lina sheria yake tangu 1967, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, hiyo yenye bodi. Bodi ikiletewa ombi la kuuza, kuhamisha, kukodisha, kubadilishana au kugawana ardhi ya kilimo, na anayepokea si raia, haina hiari. Ni kukataa. Anayeweza kuondoa zuio hilo ni Rais peke yake. Urithi umeachwa nje ya bodi, Kifungu cha 6, lakini soma sentensi hadi nukta: umeachwa nje isipokuwa ule unaoligawa shamba kuwa sehemu mbili au zaidi zenye hati mbalimbali.

Umeona? Shamba likibaki moja na nyinyi wanne mkaandikwa kwenye hati moja, bodi haiwahusu. Mkitaka hati nne mnaingia bodini, na mwenyekiti ataomba vipande, vile vya mfukoni. Hapo ndipo wewe ungekwama. Si bure kakako ana haraka ya kukata.

Kipande cha kopo la biskuti kiache humo humo. Ukikitumia leo huku unajua si raia, kakako hatahitaji tena sheria ya ardhi, atahitaji polisi tu. Binamu anakupenda lakini anakupeleka shimoni.

Dawa yako iko Kifungu cha 14 cha Katiba. Raia wa kuzaliwa ambaye siku ile ya Agosti 2010 alikuwa amekwisha kupoteza uraia kwa sababu ya kuchukua wa nchi nyingine, ana haki ya kuurudisha akiomba. Angalia neno: ana haki. Siyo kwamba waziri akiamka vizuri. Na Kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi tena uraia kwa kuwa na wa pili. Ukishaurudisha, habari ya miaka 99 haikuhusu na bodi haina la kukuuliza kuliko wenzako.

Kuhusu karatasi. Ya kwanza si mbaya kama unamwona kaka anaweza kazi, ingawa mimi ningetaka wasimamizi wawili, yeye na mmoja wenu. Msimamizi ni mshika funguo, mwenye nyumba ni nyinyi nyote. Ya pili usiiguse. Barua ya chifu ya kupeleka mahakamani itaje watoto wote wanne. Akikuficha, hati ya usimamizi inaweza kubatilishwa, Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi. Mtoto wa kike aliyeolewa na wa kiume fungu lao ni moja, Kifungu cha 38. Na mgao husubiri hati ithibitishwe na mahakama, kwa kawaida miezi 6 baada ya kutolewa. Kabla ya hapo msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi. Huyo mnunuzi wa sehemu ya mbele kwa sasa ananunua upepo.

Miezi 6 inakutosha kuhangaikia uraia.

MamaWaHannover

Dada, pole. Mzee Karani amesema vizuri ya kwetu, lakini usikimbilie ubalozini kabla hujanisoma mimi. Ya kwetu nusu, ya huku nusu.

Nilikuwa kama wewe. Nilipoteza wa Kenya 2001, na baada ya Katiba mpya sote tulifurahi, nikaomba nirudishiwe, nikarudishiwa 2013. Nikapika pilau. Tatizo nililijua 2018 nilipokwenda kubadilisha pasipoti ya Ujerumani. Karani wa pale akauliza kama nimewahi kuomba uraia mwingine kwa hiari yangu. Nikajibu ndiyo, kwa fahari kabisa, nikamwonyesha. Akanyamaza. Akaondoka na pasipoti zote mbili. Sheria yao ya wakati ule, Kifungu cha 25 cha sheria ya uraia, ilikuwa hivi: Mjerumani akiomba na kupewa uraia wa nchi nyingine bila kibali cha maandishi cha kubaki Mjerumani, Ujerumani unakwisha siku ile ile, wenyewe, bila barua. Kwa hivyo miaka 5 nilikuwa napiga kura, nasafiri, naishi kama Mjerumani, nami si Mjerumani. Nilirudi kwenye foleni ya vibali vya kuishi, tiketi ya namba mkononi, nimekaa na vijana walioingia nchini mwezi uliopita. Mume wangu aliona aibu kuliko mimi.

Habari njema ni kwamba kifungu hicho kimekufa. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inakubali uraia zaidi ya mmoja, na anayechukua wa pili hapotezi wa kwanza. Lakini haikurudi nyuma kufufua wa watu kama mimi, sisi tuliopotea kabla ilibidi tuombe upya. Wewe umechelewa, na kuchelewa kwako kumekuokoa. Kama ungemsikiliza kila mtu aliyekuambia 2011 "kimbia Berlin karudishe", ungekuwa unasoma hadithi yako hapa badala ya yangu.

Kwa hivyo omba sasa. Hakikisha tarehe ya barua ya kurudishiwa ni ya baada ya hiyo 27 Juni 2024, itakuwa hivyo tu, na uihifadhi vizuri kuliko kitu chochote. Na kwa upande wa Kenya, usifiche kwamba wewe ni Mjerumani. Mwenye uraia wa nchi mbili anatakiwa atangaze ndani ya miezi 3, na kuficha kuna faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3. Watu wengi wanadhani siri ndiyo usalama.

La kuandikisha kwa dadako kwa mdomo, mimi sitasema kitu. Nina kiwanja Bamburi kilichokuwa changu kwa mdomo.

MbongoLeicester

Nasoma huku naona wivu, wallahi. Nyinyi mnalalamika, sisi wenzenu hatuna hata mlango wa kugonga.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilivyochukua pasipoti ya Uingereza, Utanzania wangu ukaishia hapo hapo, Sheria ya Uraia ya 1995 haina utani. Na ardhi ya kwetu yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sote tunapewa haki ya kuitumia tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ila kwa uwekezaji. Kidaka, hesabu yako ni ya kwetu kweli: kampuni ikiwa wenye hisa wengi ni wageni, nayo ni mgeni. Lakini hata ukiwa na hizo 49 bado unamtegemea mwenye 51 aamke akikupenda.

Mapema 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoingiza kile kinachoitwa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, yakagusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Ni hatua, sikatai. Uraia lakini haukurudi. Umekaribishwa barazani, umepewa na kahawa, ndani hujaingia. Na ukivuka kwenda Unguja ni kitabu kingine, kwa sababu uraia ni jambo la Muungano lakini ardhi siyo, Zanzibar wana sheria zao.

Mamangu yu hai, Mungu amweke. Nyumba ya Chumbageni nimemwambia aandike kwa wanangu wa dada. Ndivyo nilivyojipanga.

Kidaka

Nimekoma na kampuni yangu.

MwanaWaVipingo

Asanteni jamani. Nimesoma mara tatu, mara ya pili nikiwa na kalamu. Mzee Karani, shikamoo. Sikujua mambo haya yanaweza kuelezwa bila mtu kukufanya ujione mjinga.

Mrejesho. Karatasi ya pili sikuitia sahihi. Ya kwanza nimeirudisha nikiwa nimeandika kwamba nakubali wasimamizi wawe wawili, kaka na mdogo wangu wa kike. Nikaandika kwenye kundi, kwa adabu zote, kwamba naomba shamba lisikatwe mpaka mahakama ithibitishe, na nikataja vifungu. Kaka alisoma. Alama mbili za buluu zilikaa pale toka asubuhi hadi magharibi. Kisha akajibu: "Nani anakufundisha?" Mdogo wangu wa kiume, ambaye tangu mazishi hajasema neno, akaweka kidole gumba. Sijui alikuwa anamjibu nani, lakini nimekichukua.

Mdogo wangu wa kike alikwenda kwa chifu mwenyewe. Barua ina majina manne. Kumbe kaka alikuwa ameshapita pale na orodha ya watatu, na chifu akamwuliza "yule wa Ujerumani aliyeleta matangi ya maji wakati wa ukame yuko wapi?" Akakosa jibu.

MamaWaHannover, nilipokusoma mwili ulinisisimka. Mwaka 2014 nilikuwa na fomu mkononi, nimejaza hadi ukurasa wa mwisho. Mwanangu aliugua nikaahirisha, halafu nikasahau. Fomu ile ninayo bado. Nikija Hannover nitakuletea kuki, au wewe njoo, tupike hiyo pilau upya.

Sasa nimeanza kukusanya vya kurudishia uraia, na limeibuka jingine. Cheti changu cha kuzaliwa kinaandika jina la baba kwa "dz". Kipande kinaliandika kwa "z" tu, nadhani aliyekiandika alikuwa mtu wa bara akaandika alivyosikia. Karatasi za Ujerumani zimefuata kipande, kisha zikaongeza jina la mume. Kwa hiyo kwenye meza ya uhamiaji mimi ni wanawake watatu. Kuna aliyepitia hili? Nitaambiwa nirekebishe cheti kwanza, au kuna njia fupi? Tiketi ya kuja nyumbani nimeshakata.

KaraniMstaafu

Marhaba mwanangu. Hilo la "dz" nimelila na chai miaka 31, nusu ya Kilifi ina majina mawili. Usianze kurekebisha cheti sasa, utakaa huko. Nenda kwa wakili, kula kiapo cha maandishi kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja, yaandike yote jinsi yalivyo, herufi kwa herufi, na ubandike nakala ya kila karatasi nyuma yake. Cheti cha ndoa ndicho kinaunganisha la mume, basi kije na tafsiri yenye muhuri. Fanya nakala nne za kila kitu, moja mwachie mdogo wako wa kike.

Na tarehe ya tiketi usiiweke kwenye kundi.